Tafadhali Mfutieni Mume Wangu Shahada

Duluth, Minnesota
Jumanne, tarehe 4 Februari

Kwa Dkt. Corinne Abelsen,
Mkuu wa Shule ya Biashara ya Halvergate.

Mheshimiwa Mkuu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umevaa soksi mbili mbili kama sisi huku, na gari lako limewaka asubuhi. Letu liliwaka mara ya tatu. Jina langu ni Maren Kallio. Ni mke wa Grady Kallio, mhitimu wenu wa miaka minne iliyopita, na mama wa Linnea, mwenye miezi minane na meno mawili. Mimi mwenyewe sikusoma sana. Nilimaliza sekondari, nikapata cheti cha kupamba keki, basi. Kwa hiyo nikikosea adabu ya kuandikia ofisi kubwa, unisamehe. Nia yangu ni njema, na karatasi hii nimeinunua mpya.

Ombi langu ni dogo. Naomba mumfutie mume wangu shahada.

Usishtuke. Sisemi kwamba aliiba mtihani. Grady alisoma kwa haki, na siku ya mahafali nililia mpaka mama mkwe wangu, Arlene, akaninong'oneza, "Binti, lia kwa kiasi, utakilowesha cheti." Tatizo si kusoma kwake. Tatizo ni kwamba ninyi hamkumwacha. Shule nyingine humpa mtu cheti, zikampungia mkono, baada ya mwezi zikaanza kumwandikia barua za kuomba mchango, na maisha yakaendelea. Ninyi juu ya mlango wenu mmeandika kwa herufi za shaba: UKIHITIMU KWETU, HATUKUACHI. Nilidhani ni maneno ya mlangoni tu, kama "Futa miguu". Kumbe mlimaanisha.

Na nina haraka, Mheshimiwa, naomba nieleze kwa nini. Bwana Ostby, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani kwetu, anasema moyo wake bado unataka kazi ila magoti yamestaafu. Amemwomba Grady awe meneja wa duka kuanzia Jumatatu. Kazi ina bima ya afya ya watu watatu. Ina saa ya kuingia, na, Mungu ambariki Bwana Ostby, ina saa ya kutoka. Anataka jibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Sasa Ijumaa hiyo hiyo, saa tatu asubuhi, ninyi mnafungua awamu mpya ya Kituo chenu Atamizi cha wahitimu wanaoanzisha kampuni: wiki kumi na mbili, kiti, meza, mshauri, na kahawa isiyokauka. Grady ameshapewa kiti. Barua yenu inasema kiti ni cha "mhitimu yeyote mwenye shahada halali". Nimeisoma mara nyingi, hata nikaisoma kwa sauti kwa Linnea, naye akanielewa. Mkiifuta shahada kufikia Alhamisi jioni, kiti kitakosa mtu, duka litapata meneja, na mwanangu atapata baba mwenye saa ya kurudi nyumbani. Nimeligeuza jambo hili kila upande na sioni njia nyingine isiyo na kelele.

Ili usidhani naandika kwa hasira, nimepanga malalamiko yangu kwa namba. Grady anasema mliwafundisha kwamba watu wakubwa hawasomi kitu kisicho na namba.

1. Mnamsifu anaposhindwa.

Kampuni yake ya kwanza ilikuwa ya kiti cha joto cha wavuvi wa barafuni. Unajua mwenyewe, huku kila mtu ana mjomba anayekaa kibandani juu ya ziwa lililoganda, anangoja samaki huku makalio yamekufa ganzi. Grady akatengeneza kiti chenye joto ndani yake. Kiti kilifanya kazi. Hapo ndipo shida ilipoanzia. Kiliyapasha makalio ya mjomba Rolf na barafu iliyo chini yake bila upendeleo, na kufikia saa tano mjomba alikuwa amekaa chini sana kuliko alivyoanza. Walipomvuta akatoka mzima, amelowa mpaka kiunoni, akasema, "Grady, mwanangu, sijawahi kuzama kwa starehe namna hii."

Mtu mwingine angeona aibu. Aibu ingemfunza, angetafuta kazi. Lakini ninyi mkamwita shuleni kwenye ile Sherehe yenu ya Kushindwa. Mkampigia kengele. Wahitimu mia mbili wakasimama wakapiga makofi. Mkamkatia keki. Na keki yenyewe, Mheshimiwa, niliipamba mimi, kwa sababu oda yenu ilikuja kwenye duka la mikate ninakofanya kazi siku mbili kwa wiki: keki ya chokoleti ya watu mia mbili, maandishi ya buluu, "Hongera kwa Kuzama". Niliandika kwa mkono wangu, nikaweka na visamaki vya sukari, huku nacheka, huyu mpumbavu ni nani. Jioni nikaenda na mume wangu kwenye sherehe, nikaikuta keki yangu, na mpumbavu nimemshika mkono.

2. Bwana Whitlow.

Huyu ndiye mshauri mliyempa Grady. Ni mhitimu wenu wa zamani, aliuza kampuni yake ya vifuniko vya ndoo na sasa hana la kufanya ila kuja kwetu kila Jumamosi. Ni mtu mzuri. Anavua viatu mlangoni. Lakini hajui kujibu, anajua kuuliza tu. Siku ya kwanza nilimwambia, "Bwana Whitlow, utakunywa kahawa?"

Akasema, "Maren, kahawa inatatua tatizo gani?"

Nikamwambia, "La kusinzia kwenye kochi la watu."

Basi akamgeukia Grady, macho yamemng'aa: "Umesikia? Andika hiyo!"

Ugonjwa huu unaambukiza. Juzi namwambia mume wangu, "Grady, mtoto amelowa." Ananiangalia kwa upole, ananiuliza, "Una hakika hilo ndilo tatizo lenyewe, au ni dalili?" Nikampa mtoto amshike. Akaelewa kwamba ni tatizo lenyewe.

3. Kuhoji watu mia moja.

Sheria yenu inasema mhitimu asiuze kitu kabla hajawauliza watu mia moja shida zao. Sheria ni nzuri, ina heshima. Ila hamkuandika wapi asiulize. Kampuni ya pili ilikuwa ya programu ya simu ya kupanga zamu za kuondoa theluji kwenye njia ya pamoja, na siku nilipokuwa najifungua Linnea, Grady alikuwa amefikisha watu themanini na nane. Kwa hiyo mimi nimeshika chuma cha kitanda, naona nyota mchana, yeye anamwuliza muuguzi, "Na kwenu, theluji ya mlangoni huondolewa na nani, na hilo linakufanya ujisikieje?"

Muuguzi, anaitwa Delphine, mwanamke mwenye mabega, akamwambia, "Bwana, tupa hiyo kalamu ushike mkono wa mkeo, kabla sijakuonyesha mimi ninavyojisikia."

Akaitupa. Alinishika mkono mpaka mwisho na akalia kuliko mtoto, siwezi kumsingizia. Lakini jina la Delphine lipo kwenye orodha, namba themanini na tisa, na pembeni ameandikwa: "Ana hisia kali kuhusu theluji."

Mwezi uliofuata tukamzika babu yake Grady. Chakula cha msiba kililiwa chini ya kanisa kama kawaida, bakuli za viazi na nyama ya kusaga, kahawa nyepesi, shangazi wote. Grady akamalizia mia yake pale. Mchungaji amehesabiwa mara mbili kwa sababu alibadili mawazo.

Na programu yenyewe? Kabla yake, mtaa wetu ulikuwa unaondoa theluji kwa kuoneana haya. Ukiamka ukakuta jirani ameshakusafishia, kesho unawahi wewe. Hakuna aliyehesabu. Programu ikahesabu. Ndani ya wiki mbili kila mtu akajua kwamba Bwana Pelkey hajashika koleo tangu mwaka juzi, na Bwana Pelkey akajua kwamba wanajua. Sasa kila mtu yuko dirishani na simu mkononi anangoja zamu ya mwenzake, na theluji imefika kwenye sanduku la barua. Mkampigia kengele tena.

4. Karatasi za kunata.

Ziko kwenye friji, kwenye kioo cha bafuni, kwenye paji la uso la picha ya harusi yetu. Za njano ni mawazo, za waridi ni wasiwasi. Linnea alikula moja iliyoandikwa "Mteja wetu ni nani hasa?" Kesho yake tulilipata jibu, ila halikusomeka.

5. Chumba cha mtoto.

Hapa, Mheshimiwa, naomba uniruhusu nisitanie.

Kampuni ya tatu ni ya kukodisha buti za mbwa, kwa sababu chumvi wanayomwaga barabarani majira ya baridi inawachoma nyayo. Ni kweli inawachoma. Watu walikodi. Tatizo ni kwamba mbwa huondoka na buti nne akarudi na mbili, na mbwa wa mjomba Rolf alirudi na tano. Sasa tuna buti mia nane na arobaini zisizo na wenzao, na zote zinakaa kwenye chumba cha Linnea.

Chumba kile nilikipaka rangi mwenyewe, mimba ina miezi saba, nimepanda kwenye ndoo kwa kuwa ngazi Grady alikuwa ameipeleka kwenye maonyesho yenu. Rangi ya maziwa yenye asali kidogo. Nilichora na ndege wadogo pale juu, kumi na mmoja, wa kumi na mbili hana mkia kwa sababu mgongo uligoma. Mwanangu hajawahi kuwaona ndege hao; kwanza alilala kitandani kwetu, kisha zikaja buti. Analala kwenye kabati letu la makoti, tumeondoa mlango. Hana neno. Akiamka anacheka na makoti. Lakini mimi kila nikimwinamia natoka na kitambaa cha shingo kichwani, nasema moyoni, mtoto huyu atakua akidhani dunia yote imetundikwa.

Wiki tatu zilizopita alianza kutambaa. Alitoka kwenye zulia, akaelekea mlangoni, kwa sababu ndiko baba yake hutokea. Grady alikuwa kwenu, kwenye siku ya kunadi mawazo kwa dakika tatu. Nilimtumia video. Aliiangalia pembeni ya jukwaa, akapanda jukwaani analia, na majaji wakampa alama za juu kwa "kuamini anachokisema".

Si baba mbaya. Nataka hili uliweke mahali pa kuonekana. Akiwa nyumbani hapana baba kama yeye, anamwimbia mtoto hata maelekezo ya kupikia uji yaliyoandikwa kwenye kopo. Ila kila siku yuko karibu kurudi. Miaka minne yuko karibu. Bibi yangu alifuga kuku, Mheshimiwa, na yai hulaliwa siku ishirini na moja. Kituo chenu Atamizi kimemlalia mume wangu siku elfu moja na mia nne, na kila nikiuliza mnaniambia linapata joto.

6. Mko kila mahali.

Nilidhani nikimtoa mjini atapumua. Tukaenda Winnipeg siku tatu kutembea. Hotelini, kwenye kifungua kinywa, akatokea bwana mmoja amevaa kile kizibao chenu chenye nembo, akaona pete ya shule kwenye kidole cha Grady, akapiga kelele kama mtu aliyemwona nduguye aliyepotea vitani: "Halvergate!" Wakakumbatiana juu ya mayai yangu. Hawajawahi kuonana maisha yao yote. Kufikia mchana Grady alikuwa na kadi sita na mwaliko wa kwenda Toronto.

Hata kwa daktari wa meno. Hata kwenye sauna, kile chumba cha kuoga mvuke, ambako mtu hana mahali pa kuweka kadi, walikuwa nazo.

Ndiyo maana nasema kuniambia "mkataze tu mumeo" hakusaidii. Nikimkataza mmoja, mia wanamwita. Na kama sheria zenu haziruhusu kumfutia mtu mmoja shahada, nimefikiria njia nyingine, uchague:

Mnaweza kuufuta mwaka wake mzima, mseme mahafali yale yalikuwa mazoezi.

Au mnaweza kuwageuza wahitimu wote wawe wanafunzi tena, maana mwanafunzi nimeona hamumjali namna hiyo.

Au shule ihamie Wisconsin. Ni ng'ambo ya daraja tu, hamtahangaika, na upepo wa ziwa utawapunguzia wageni. Nitaleta visanduku vya kubebea. Ninavyo vingi, vikishatolewa buti.

7. Siko peke yangu.

Nilijiuliza, labda mimi ndiye mwenye moyo mdogo. Nikachukua kitabu chenu cha wahitimu, kile chenye namba za simu, nikaanza kupiga, Linnea amelala kifuani. Sikuwatafuta wahitimu. Niliwatafuta wake na waume zao. Nimeongea na thelathini na saba.

Mama mmoja wa Hermantown, mumewe anatengeneza soksi za miguu ya viti. Aliposikia sauti yangu na sababu ya kupiga, alisema, "Subiri nikae." Akakaa. Tukaongea saa nzima na dakika kumi. Mzee mmoja wa Cloquet, mkewe ana wazo la sauna ya paka, aliniambia hivi: "Dada yangu, amenieleza nikiwa chini ya gari. Amenieleza nikiwa kwa daktari, mdomo wazi, mikono ya daktari imo ndani. Nikatikisa kichwa kuomba msaada. Akaandika kwamba nimekubali."

Na jambo la ajabu, Mheshimiwa: hakuna hata mmoja aliyemchoka mwenzake. Wote wanapenda. Mama wa Hermantown alisema angeolewa na yule bwana tena kesho, na soksi zake. Kinachowamaliza ni kusikiliza. Wazo jipya huja mtu ana mtoto begani, ana sufuria motoni, ana povu la sabuni kichwani, nalo haliwezi kungoja, linataka macho, linataka "ehee", linataka "halafu?" Na usiposikiliza unaonekana humwamini mwenzio. Kila mmoja aliniambia hivyo kwa maneno yake, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Hayo ndiyo malalamiko yangu, saba. Ningeweza kufikisha kumi lakini mtoto ameamka.

Kuhusu namna ya kuifuta shahada, naomba ifanyike kwa upole. Msimwite ofisini. Msimpigie kengele. Andikeni barua fupi mseme kumetokea hitilafu kwenye kumbukumbu, mnasikitika, na mnamtakia heri kwenye biashara ya nyundo na misumari. Cheti chenyewe naomba tuendelee kukitundika, kinaziba ufa. Na Arlene asijue. Ameshawaambia kanisa zima.

Nakushukuru kwa kunisoma mpaka hapa. Nisalimie katibu wako, yule mwenye sauti ya upole anayenipokea kila nikipiga kumtafuta Grady. Nisalimie maprofesa wote, hasa yule aliyefundisha somo la hatari, mwambie mfano anao. Wasalimie wapishi wa kahawa, wafagizi wanaookota karatasi za kunata, na mzee anayeipiga kengele, bega lake lipumzike. Msalimie na mumeo kama unaye. Sisi huku tunawaombea afya na theluji kidogo.

Wako kwa heshima na matumaini makubwa,

Maren Kallio (Bi.)
mama Linnea

N.B. Jumatano asubuhi. Mheshimiwa, kabla sijabandika bahasha nimemsomea Grady barua hii, maana katika ndoa yetu hatufichani kitu ila zawadi za Krismasi. Namba moja alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Namba tatu akasema, "Delphine kweli alikuwa na hisia kali." Namba tano aliinuka, akaingia chumba cha mtoto, akaanza kutoa visanduku, kimoja kimoja, akivipeleka garini, nami namfuata nyuma na karatasi mkononi naendelea kusoma.

Nilipomaliza namba saba akasimama na kisanduku kifuani. "Maren. Umepigia watu wangapi?"

"Thelathini na saba."

"Wote wana tatizo lile lile?"

"Lile lile."

"Na kuna aliyekuuliza kama unaweza kumsaidia?"

Nikamwambia, "Thelathini na mmoja. Yule mzee wa Cloquet alitaka kulipia mwaka mzima, nikamwambia mimi sina cha kuuza, baba, mimi nalalamika tu."

Grady akaweka kisanduku chini, akakikalia. "Mke wangu, mimi nina miaka minne nahoji watu. Hajatokea hata mmoja aliyetaka kunilipa kabla sijamwambia ninauza nini." Akajicheka mwenyewe. Halafu akavaa koti, akatembea mpaka kwa Bwana Ostby, akamwambia ndiyo. Amerudi na aproni ya duka, fupi, inamfika kwenye kitovu, ameivaa na hataki kuivua. Ninavyoandika hivi Linnea amelala usingizi wa asubuhi chumbani kwake, mikono juu kama mtu aliyefunga goli, na ndege wote kumi na wawili wanamtazama.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba msiifute shahada. Tafadhali sana. Ukurasa wa saba wa kitabu chenu unasema mke au mume wa mhitimu mwenye shahada halali anaweza kukalia kiti cha mwenzake akiachiwa kwa maandishi. Maandishi ya Grady nimeyaambatanisha, ni hiyo karatasi ya waridi. Yale ya Wisconsin nayafuta. Msifute mtu yeyote, na kama mnaweza, ongezeni idadi ya wanafunzi, kwa sababu kila mhitimu mnayemwachia mtaani ni mteja wangu.

Kampuni inaitwa Wasikilizaji wa Kukodi. Unapiga simu, mtu wetu anakuja, anavua viatu, anakaa mbele ya mumeo au mkeo, anasikiliza wazo lote mpaka mwisho, anauliza swali moja la maana, anaondoka. Wewe unaoga. Msikilizaji wa kwanza nimeshampata: Bibi Hjordis, alifanya kazi miaka thelathini kupokea simu za watu wa bima, anajua kusema "ehee" kwa namna kumi na moja na zote zinatoka moyoni. Nimebakiza watu sitini na watatu kufikisha mia, kwa hiyo nikifika nitaomba dakika moja na wewe mwenyewe, Mheshimiwa, kuhusu mumeo na mawazo yake.

Katibu wako ameniambia Ijumaa kila mmoja ananadi wazo lake kwa dakika tatu. Barua hii nimeisoma tena kwa sauti jikoni, saa ikasema dakika kumi na tisa. Usiwe na wasiwasi. Nitaondoa malalamiko, nibakize salamu.